Mchambuzi sio programa aliyepandishwa cheo

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii ni ndefu, mkiikatakata sawa tu, ila msiguse pale kwenye habari ya ambulensi. Kwenye ukurasa wenu wa ajira kuna kijana aliuliza achague kipi kati ya uprograma (kuandika programu za kompyuta) na uchambuzi wa mifumo (kuchunguza watu wanafanyaje kazi na mfumo wa kompyuta uwafanyie nini), akajibiwa mistari mitatu, eti unaanza kama programa halafu ukikomaa unapanda unakuwa mchambuzi, basi imeisha. Mi nimefanya zote mbili, nilikuwa programa miaka kadhaa nikahamia uchambuzi, na kuna kipindi nilirudi kwenye uprograma kwa hiari yangu mwenyewe na watu wakaanza kunipa pole kama mtu aliyeshushwa cheo. Kwa hiyo hilo jibu lilinikera kidogo, niseme ukweli.

Nianze na kitu kidogo kabisa. Maktaba inataka mfumo, mkutubi anasema sentensi moja tu: mtu akichelewesha kitabu atozwe faini. Mpe programa sentensi hiyo uone kichwa chake kinavoenda. Ataanza kuwaza tarehe ya kurudisha inahifadhiwaje, ina saa ndani yake au ni tarehe tupu, faini ipigwe hesabu kila usiku yenyewe au pale kitabu kinaporudi, na je wakutubi wawili wakifungua rekodi ileile kwa wakati mmoja kila mtu kwenye kompyuta yake, mfumo utamtoza mtu mara mbili? Mtandao ukikatika katikati ya kuhifadhi itakuwaje? Na mtu akiwa na vitabu mia tano kwenye historia yake, ile skrini itafunguka kwa sekunde moja au atasubiri mpaka asinzie?

Sasa chukua sentensi hiyohiyo umpe mchambuzi. Siku ambazo maktaba imefungwa zinahesabiwa ama hazihesabiwi? Faini inapanda mpaka wapi, hata ikipita bei ya kitabu chenyewe? Aliyekuja jana kusema kitabu kimepotea leo bado anaendelea kutozwa? Nani ana ruhusa ya kusamehe, na akisamehe inaandikwa wapi ili mwenzake wa kesho asije akadai tena? Halafu anauliza lile swali linaloudhi wateja kuliko yote: hivi nyie mnachotaka ni hela ya faini au mnataka vitabu virudi? Maana kama shida ni vitabu virudi, labda ujumbe wa simu siku mbili kabla unatosha, na hiyo hesabu yote ya faini hamuihitaji kabisa.

Sentensi ni moja, ila hawa watu wawili wamekwenda pande mbili tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye maswali yake ni mepesi. Programa ameingia ndani ya mashine, mchambuzi ametoka nje kwenda kwa watu. Kosa la jibu lenu lilikuwa kupima nani yuko juu ya nani, wakati cha kuuliza ni nani anawajibika kwa lipi: programa anaulizwa kama mfumo unafanya kilichokubaliwa, unafanya kila mara, unafanya haraka na hauanguki, mchambuzi anaulizwa kama hicho kilichokubaliwa kilikuwa na akili tangu mwanzo.

Kwa vitendo siku zao hazifanani kabisa. Mchambuzi asubuhi yuko kwenye kikao, mchana amekaa nyuma ya karani anamwangalia anavojaza fomu, jioni anaandika, na anaandika sana, michoro ya mtiririko wa kazi, orodha ya mahitaji, maana ya kila neno, yaani ofisi moja ikisema "mteja" inamaanisha nani na ofisi ya jirani ikisema "mteja" inamaanisha nani, maana mara nyingi sio mtu mmoja na hapo ndo ugomvi wa ripoti kutolingana unapoanzia. Programa naye watu wanadhani anaandika kodi kutwa nzima (sio ile ya nyumba, ni yale maagizo ya kuiendesha kompyuta), kumbe muda mwingi anasoma kodi za wengine, zingine ziliandikwa na mtu aliyeacha kazi zamani na hakuacha maelezo, anatafuta kosa kwa saa nne halafu marekebisho yenyewe ni herufi mbili. Anatesti, anakagua kazi ya mwenzake, anagombana na seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia nyingine. Akitoka hapo amechoka kuliko mbeba zege na ukimuuliza leo umefanya nini anakosa hata cha kukuonyesha.

Sasa niwape kisa changu. Nilipokuwa programa kuna kampuni, sitaitaja, ilitaka mfumo wa mahudhurio ya wafanyakazi. Karatasi ya mahitaji ikaja imeandikwa vizuri, imesainiwa, imegongwa muhuri: mfanyakazi asiye na saa ya kuingia na, baada yake, saa ya kutoka katika tarehe ileile ahesabiwe hakufika kazini. Nikaandika hivohivo, nikatesti, ikapita, nikapongezwa. Mwisho wa mwezi walinzi wote na kila mtu wa shifti ya usiku wakatoka kwenye ripoti kama watoro wa mwezi mzima, maana hao watu wanaingia saa nne usiku tarehe moja wanatoka saa kumi na mbili asubuhi tarehe nyingine. Kwa mlinzi usiku ni mmoja, kwa kompyuta umekatwa vipande viwili saa sita kamili.

Bosi akaja moja kwa moja kwenye meza yangu akiwa amewaka. Nikamtolea karatasi, nikamwambia nimefanya kilichoandikwa, soma mwenyewe. Akaenda kwa mchambuzi, mchambuzi naye akatoa saini za watu wa utumishi waliokubali ule mstari, na kweli walikubali, ila wote ni watu wa kufanya kazi mchana. Hakuna aliyekwenda getini usiku hata mara moja kuuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mchambuzi kazi yake ni kukilalia hicho kitanda hata kwa usiku mmoja.

Ila nikiri kitu ambacho siku ile sikukisema. Wakati naandika ule mstari wa kulinganisha tarehe, shifti ya usiku ilinipitia kichwani, ilipita kama sekunde tano hivi, nikajisemea aah hiyo sio kazi yangu, karatasi imesainiwa. Marekebisho yalichukua wiki tatu maana ilibidi tuache kuhesabu kwa tarehe tuhesabu kwa shifti, databesi (ghala la taarifa za mfumo) ikaguswa, ripoti zote zikaguswa, na wale walinzi wakaja kila siku mlangoni kuuliza mishahara yao. Swali la dakika moja. Kwa hiyo nikisema kazi ni mbili tofauti simaanishi kila mtu ajifungie chumbani kwake.

Hii dhana ya ngazi lakini haikuanguka kutoka mbinguni, ina historia. Enzi za kadi za kutoboa, yaani kompyuta inalishwa maagizo kwa kadi za karatasi zenye matundu, muda wa mashine ulikuwa ghali mno, kwa hiyo kazi ilikatwa vipande kama kiwandani: mchambuzi anaongea na ofisi anachora mtiririko, programa anaugeuza kuwa hatua za mashine, kuna mtu anaandika hatua hizo kwenye fomu, kuna mwingine anatoboa kadi. Mshahara nao ukapangwa kwa mfuatano huohuo, na ukitaka kupanda huna njia zaidi ya kuacha kuandika programu. Mazoea hayo yamebaki kwenye vyeo mpaka leo wakati hizo kadi watu wengi hawajawahi hata kuziona.

Na hata hivyo ukichimba unakuta ngazi yenyewe haisimami. Uingereza mwaka 1951 kampuni ya J. Lyons, ambayo ilikuwa inaendesha mikahawa wala sio kampuni ya mitambo, ilianza kufanya kazi za ofisi kwa kompyuta iliyojijengea yenyewe ikaiita LEO. Wengi wanajua hapo tu. Kumbe Lyons walikuwa na kitengo cha kuchunguza mifumo ya kazi za ofisi tangu miaka ya 1930, wakati kompyuta ya kielektroniki haipo popote duniani, watu wanakaa wanaangalia karatasi inatoka meza gani inakwenda meza gani na kwa nini inapita kote huko. David Caminer, aliyekuwa anaongoza kitengo hicho, ndiye akaja kuongoza kazi ya mifumo ya LEO na wapo wengi wanaomwita mchambuzi wa mifumo wa kwanza. Sasa kazi iliyokuwepo kabla ya kompyuta imekuwaje cheo cha kupandia kutoka kwenye uprograma? Na upande wa pili, wale wanawake sita walioipanga ENIAC, kompyuta ya mwanzomwanzo kule Marekani, miaka ya 1940 walijifunza mashine kwa kusoma michoro yake ya umeme, hakuna lugha ya programu, hakuna kitabu cha kufundishia, na wakati huo kazi yao ilionekana kama ya ukarani tu. Kuidharau kazi ya programa ni ugonjwa wa zamani.

Haya, ambulensi. London mwaka 1992, huduma ya magari ya wagonjwa iliacha utaratibu wa karatasi na redio ikawasha mfumo mpya wa kompyuta wa kupanga gari gani liende wapi. Tarehe 26 Oktoba mambo yakaharibika. Mfumo ulikuwa umejengwa ukitegemea kwamba kompyuta inajua muda wote kila gari liko wapi na linafanya nini, taarifa karibu kamili bila kasoro. Lakini wahudumu ndani ya magari wanabonyeza vitufe vya kuripoti hali yao, wakibonyeza kwa mpangilio usiotakiwa au wasipobonyeza, au mawasiliano yakigoma, picha ya kompyuta inaachana na hali halisi ya barabarani. Basi magari yakatumwa vibaya, jumbe za tahadhari zikajaa kwenye skrini mpaka za zamani zikapotea juu huko hazionekani, waliopiga simu wakaona kimya wakapiga tena, simu zikaongezeka, mfumo ukazidi kuelemewa. Uchunguzi uliofanyika baadaye, ripoti yake ikatoka 1993, ulisema kitu ambacho mimi huwa nakirudia kwa kila kijana ninayefanya naye kazi: siku zile mbili za Oktoba kompyuta yenyewe kiufundi haikuharibika, kwa ujumla ilifanya ilichosanifiwa kufanya, tatizo ni kwamba usanifu wenyewe ulikuwa na kasoro mbaya sana.

Rudia hiyo tena kichwani. Ilifanya ilichoambiwa. Ungemleta programa hodari kuliko wote duniani akague mstari kwa mstari, bado ile huduma ingekwama, kwa sababu kusoma kodi hakukuonyeshi kwamba mtu anayemfunga jeraha mgonjwa anayetoka damu hana mkono wa tatu wa kubonyeza kitufe.

Sasa ngoja uone nusu ya pili, maana wachambuzi wenzangu hupenda kuishia hapo kwa furaha. Walirudi kwenye utaratibu wa nusu kompyuta nusu mkono, mambo yakatulia kidogo. Tarehe 4 Novemba, baada ya saa nane usiku, mfumo ukawa mzito ukaganda kabisa. Safari hii usanifu haukuhusika. Kuna programa alikuwa amefanya kazi kwenye mfumo kama wiki tatu kabla akaacha kipande cha programu ndani, na kila gari likitumwa kile kipande kinachukua kumbukumbu kidogo ya seva (ile nafasi ambayo mashine inafanyia kazi) na hakiirudishi. Kidogokidogo wiki tatu nzima, mpaka ikaisha. Na seva ya akiba iliyotakiwa kuchukua nafasi haikuchukua. Kosa dogo la programa, huduma ikarudi kwenye karatasi.

Mfumo mmoja, jiji moja, haijafika hata wiki mbili kati ya tukio na tukio, na umeanguka mara mbili kwa sababu mbili ambazo hazina undugu. La kwanza usingelikamata kwa kusoma kodi. La pili usingelikamata kwa kufanya vikao hata vikao mia. Ndo maana mtu akiniambia hizi kazi ni moja ila cheo tofauti, namwambia nenda kasome habari ya London halafu urudi tuongee.

Kinachonisikitisha ni matangazo ya kazi. Utakuta wanatafuta "mchambuzi programa", mtu mmoja, akusanye mahitaji, achore, aandike programu, atesti, awafundishe watumiaji na ikiwezekana atengeneze na printa. Kwenye ofisi ndogo naelewa, hakuna hela ya watu wawili, na kuna watu wanaiweza vizuri tu. Lakini kama kazi ni kubwa huyo mtu mmoja ndo anayeuliza swali na ndo anayelijibu, na binadamu anapojijibu mwenyewe huwa anachagua jibu rahisi kuandika. Mi mwenyewe nimefanya hivo. Nikiona hitaji fulani litanikesha wiki nzima, ghafla naanza kumshawishi mteja kwamba kwani hilo analihitaji kweli? Mkiwa wawili angalau mna wa kubishana naye.

Nikiri pia kwamba mipaka imelegea siku hizi. Mwaka 2001 wataalamu 17 walikutana Utah kule Marekani wakaandika lile azimio la Agile, la namna ya kutengeneza programu, la kusema afadhali kushirikiana na mteja na programu inayofanya kazi kuliko makaratasi mengi, na kwenye utaratibu wa Scrum ambao wengi wanaufuata hukuti kabisa cheo cha mchambuzi, kuna mwenye bidhaa anayeamua kipi kitangulie kujengwa, kuna Scrum Master anayesimamia utaratibu ufuatwe, kuna wajenzi. Watu wakashangilia mchambuzi amekufa. Kazi yake haikufa, iligawanywa tu, kidogo kwa mwenye bidhaa, kidogo kwa programa, na sehemu nyingine ikadondoka katikati hakuna aliyeiokota. Ofisi nyingi nilizopita ziliishia kumrudisha mchambuzi kimyakimya kwa jina jingine.

Halafu hilo neno mchambuzi lenyewe mngemsaidia kijana kulifafanua. Kuna mchambuzi wa biashara anayeangalia shughuli inaendaje na inakwama wapi, huyu anaweza asijue kuandika hata mstari mmoja wa programu. Kuna mchambuzi wa mifumo, yuko katikati, lazima aelewe databesi na mifumo inavoongea yenyewe kwa yenyewe. Na kuna mchambuzi wa data, huyo ni mtu mwingine kabisa, yeye na takwimu zake, amechanganywa humu kwa sababu ya jina tu. Kijana akituma maombi bila kujua anaomba kipi atafika kwenye intavyuu aulizwe mambo ya takwimu wakati amejiandaa kuchora mtiririko.

Na najua kuna mtu atasema hizi akili mnemba zinaandika kodi zenyewe sasa, uprograma umekwisha, kijana akimbilie uchambuzi. Hiyo hadithi tumeisikia. Lugha ya programu ya COBOL ilipobuniwa mwaka 1959 iliwekewa maneno yanayofanana na Kiingereza cha kawaida, matumaini yakiwa kwamba hata mtu wa ofisi asiye programa ataweza kuisoma na kuielewa. Kilichotokea ni kwamba kukawa na kazi tele ya maprograma wa COBOL, hata kufika 1999 walikuwa wanatafutwa kwa tochi kurekebisha ile shida ya mwaka kuandikwa kwa tarakimu mbili, kwamba ikifika 2000 kompyuta ingeona 00 ikadhani ni 1900. Mi hizo akili mnemba nazitumia. Ukiiambia iandike mfumo wa mahudhurio kwa maneno yaleyale ya ile karatasi yangu, itakuandikia vizuri tena kwa dakika chache, na walinzi wako watakuwa watoro vilevile. Halafu bado utataka mtu wa kusoma kilichoandikwa na kuona ile kumbukumbu ya seva inayochukuliwa bila kurudishwa.

Kwa huyo kijana, mi ningemuuliza kitu kimoja kabla ya mshahara na vyeo. Ukikutana na tatizo unasikia raha lini? Kama raha yako ni ile saa saba usiku, kimya, umelipata kosa baada ya kulisaka siku mbili na hakuna hata wa kumwambia, basi nenda uprograma na usikubali mtu akuambie ni kituo cha kusubiria. Kama raha yako ni pale mama wa mapokezi anapokwambia "enhe, hicho ndicho nilichokuwa nataka kusema" baada ya wewe kumchorea kazi yake mwenyewe kwenye karatasi, nenda uchambuzi, ila ujifunze kuandika programu kidogo, maprograma wana pua kali sana ya kumnusa mchambuzi asiyejua anachokiomba kina uzito gani. Na kama bado hajui, aanze popote. Mimi nilianza uprograma kwa sababu tu niliogopa kuongea mbele ya watu.

Mhariri, mkiweza rudisheni lile swali lake kwenye ukurasa, mumpe jibu lililozidi mistari mitatu. Na safari hii tafuteni programa mmoja na mchambuzi mmoja, muwaketishe meza moja wajibu pamoja.

Msomaji wenu,
mchambuzi wa mifumo kwa sasa.